Komeo la Nje

Tarehe 4 Februari

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na mpwa wangu. Huku hatujambo, ila wifi yako ana mafua yasiyotaka kuaga, na mimi mgongo unaniuma kwa kukaa kitini kutwa kama kuku anayelalia mayai.

Unaona naandika kwa mkono, kama tulivyokubaliana baada ya kumzika mama, maana simu zetu zote zilikuwa zinaishia kwenye ugomvi. Wifi yako ananicheka. Anasema mtengeneza michezo ya kompyuta kupanga foleni ya stempu ni kituko cha mwaka. Mwache acheke, kwenye karatasi angalau tunaheshimiana.

Habari kubwa ni mchezo wangu. Nimeuita Komeo, na umeanza kushika. Mchezaji anaingia kwenye nyumba tupu, anafungua chumba kimoja baada ya kingine kwa kufumbua mafumbo, na pole pole anagundua nini kilimpata mama mzee aliyekuwa akiishi humo. Nyumba yenyewe ukiiona utaijua. Ni yetu, mpaka ule ufa wa sakafu ya jikoni. Ofisini tupo watatu tu, mimi, fundi wa programu na binti mchoraji, kwa hiyo tumewaomba mashabiki watusaidie. Tumewapa toleo la majaribio. Wao wanapendekeza mafumbo, wanabishana kwenye jukwaa lao, halafu wanapiga kura, na kinachoshinda tunakijenga. Nimewaapia kwamba kura ni kura, hata mimi mwenyewe sina ruhusa ya kuitengua. Ndiyo maana wanatupenda hivyo.

Tena tumepanga jambo la kufurahisha. Chumba cha mwisho watakijenga wao pamoja na fundi wa programu, mimi nisikione kabisa. Siku ya uzinduzi nitakaa mbele ya kamera nikicheze mubashara, kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine yeyote. Nikikwama watanicheka, na hiyo ndiyo raha wanayoingoja.

Ombi langu dogo: mwambie mpwa wangu arekodi mlio wa lile komeo la mlango wa chumba cha mama, anitumie. Nimejaribu makomeo ya dukani, hakuna linalolia vile.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, tunashukuru. Shemeji yako anakoroma tu kama kawaida yake, na mpwa wako amefaulu mitihani. Mwambie wifi anywe maji ya moto, mafua hayabembelezwi. Mlio wa komeo nadhani ulikwisha kuupata.

Sasa nisikilize. Juzi alikuja dukani mwalimu wa hesabu kuchukua miwani yake. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine nasaga kioo cha mteja mwingine, ufunguo wangu unaning'inia shingoni kwenye kamba ya kiatu ya buluu, kama unavyojua. Nikainua kichwa, nikamkuta anacheka peke yake. Akasema, samahani mama, unafanana sana na yule mwanamke mbaya wa kwenye mchezo. Nikamwuliza mchezo gani. Jioni mpwa wako akaniwekea kwenye kompyuta ya dukani.

Nimejiona, mdogo wangu. Kamba ya kiatu ya buluu, ufunguo, hata ile miwani yangu niliyoifunga waya sikioni, kwa sababu fundi miwani siku zote ndiye huvaa mbovu. Mnamwita Mwenye Ufunguo. Mama anagonga mlango upande wa ndani, na binti yake amesimama nje hafungui. Mwisho wa hadithi yenu, binti alimfungia mama yake mpaka akafa ili abaki na nyumba. Nimesoma jukwaa la mashabiki wako. Jina langu huko ni Nyoka.

Wewe hukuwepo. Aliye kando haangukiwi na mti. Hukuwepo mama alipotoka na gauni la kulala mvua ikinyesha, akakutwa barabara kuu anaulizia duka la vitambaa alilofanyia kazi kabla hujazaliwa. Hukuwepo dereva wa lori alipomrudisha nyumbani, akaniambia, mama, bado kidogo ningemkanyaga. Lile komeo nililikaza mlangoni mimi mwenyewe kwa bisibisi ya dukani, nikalitia kufuli, na nililia kila skrubu. Nilikuwa namfungia nikienda kazini na namfungulia nikirudi. Nilikupigia kukueleza. Nilikuomba uje japo mwezi mmoja tusaidiane. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tangu wiki iliyopita watoto wa mtaani wanapita mlangoni wakigonga ukuta, ngo ngo ngo, kisha wanakimbia. Shangazi amenitumia ujumbe kuuliza kama kuna kitu hatukumwambia siku ya mazishi. Sina mali ya maana duniani, nina jina langu tu. Niondoe humo kabla ya uzinduzi. Ondoa kamba, ondoa ufunguo, badilisha mwisho. Sijakuomba kitu tangu tumzike mama, nakuomba hiki.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako, na nimefurahi kusikia mpwa wangu amefaulu. Wifi yako amepona.

Dada, umeumia bure. Yule si wewe. Huo ni mchezo, na mchezo unahitaji mtu wa kuchukiwa. Kamba ya kiatu aliiona binti mchoraji kwenye picha za mazishi, akaipenda rangi yake, basi. Na hadithi ya kumfungia mama sikuianzisha mimi. Mashabiki walipoingia chumba kile wakaona komeo liko upande wa nje. Wakaanza kuulizana, nani anaweka komeo nje ya chumba cha kulala? Wakabishana wiki nzima. Nikawapa miisho mitatu wachague, nao wakachagua huo. Ningefanya nini?

Nikiutoa leo kwa sababu dada yangu kakasirika, kesho hakuna atakayeniamini. Wale watu ndio walionilea. Wamefanya kazi nami bila kulipwa, wananunua mchezo hata haujaisha. Niliwaapia. Kura ikishapigwa sina ubavu wa kuigusa. Kama unataka kitu kibadilike, jiunge nao na wewe, pendekeza fumbo lako, wapige kura. Labda utatushinda wote, ulikuwa fundi wa vitendawili utotoni.

Watoto wa mtaani watachoka. Shangazi nitamwandikia.

Usinikasirikie.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo sote. Mvua imekatika na wateja wamerudi.

Umenieleza na nimekuelewa. Kura ni kura. Neno likishatoka mbele ya watu si la mtu mmoja tena. Mimi sina neno, yaishe. Wewe fanya kazi yako, mimi nifanye yangu.

Msalimie wifi.

Dada yako


Tarehe 17 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa kimya, tumebanwa kazini hadi binti mchoraji analala kwenye kiti. Natumaini wote hamjambo. Huku mimi mzima na nina furaha ambayo lazima nikushirikishe, hasa kwa vile ulinielewa. Barua yako ile fupi iliniondolea jiwe kifuani.

Katika mashabiki ametokea mmoja anajiita Mgeni Njoo. Hakuna anayemjua. Alianza kwa kusaidia waliokwama. Hamwambii mtu jibu hata siku moja, anamwuliza tu maswali mawili matatu, na mtu anajikuta amefumbua mwenyewe. Hatukani, habishani. Baada ya miezi michache kila mtu anasubiri Mgeni Njoo aseme nini. Basi amependekeza fumbo la chumba cha mwisho, na kura alizopata sijawahi kuziona. Fundi wa programu amelijenga. Kila nikimwuliza anafunga mdomo. Kaniambia tu kwamba kuna simu ya mezani, na kwamba alipolimaliza alikwenda kukaa nje kwa muda.

Sijui kwa nini ile habari ya simu imeninyima raha kidogo. Labda ni woga wa kucheza mbele ya watu. Uzinduzi ni tarehe 20 Septemba, saa kumi jioni. Tafadhali nitazame ukiwa dukani. Ningependa kujua kwamba angalau mtu mmoja wa nyumbani ananitazama.

Mdogo wako


Tarehe 25 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, maana shikamoo yako ya Agosti ilikuwa haijaitikiwa. Natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo, na mimi binafsi ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu.

Nilikutazama. Nilifunga duka saa tisa na nusu, nikampa mwalimu wa hesabu kiti, kwa sababu yeye ndiye aliyenionyesha sura yangu na nilitaka awepo. Mpwa wako akaweka sauti juu.

Nadhani umekwisha kujua, lakini nitakuandikia kwa mkono wangu ili usije ukasema ulisikia kwa watu. Mgeni Njoo ni mimi. Wewe uliponiambia nijiunge nao ulikuwa unatania, mimi nikajiunga. Kati ya mteja na mteja nilikuwa naingia jukwaani kwa kompyuta ile ile ninayochapia vyeti vya macho. Wiki za kwanza nilisoma tu walivyokuwa wakimtukana Mwenye Ufunguo, nikameza. Kisha nikaanza kuwasaidia. Kazi yangu ni kumkalisha mtu mbele ya herufi, nikambadilishia vioo na kumwuliza, hivi unaona vizuri, au hivi? Mafumbo ni hayo hayo. Wakanipenda, maskini, wale watu walioniita Nyoka. Walinitumia hata mioyo myekundu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na kama mwenyeji amepona utaniambia mwenyewe.

Namba ya kupiga kwenye ile simu ya mezani nilivyoitawanya chumbani, tarakimu moja kwenye kalenda, nyingine chini ya kopo la sukari, nyingine nyuma ya picha ya baba, fundi wako wa programu hakushtuka hata kidogo. Siku hizi nani anajua namba ya mwenzake kwa kichwa? Watu wanabonyeza jina. Wewe ulianza kushtuka ulipofika katikati. Nilikuona. Mkono ulipunguza mwendo, ukacheka kicheko cha bure, ukaendelea kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama. Ulipobonyeza ya mwisho, simu ya kwenye mchezo ikaanza kuita, ikaita, ikaita, haipokelewi. Namba ya mwana wa yule mama mzee, kama ilivyoandikwa pale ukutani. Kisha mjanja mmoja katika mashabiki akaipiga kweli kwa simu yake, na ikalia mfukoni mwako.

Ukaitoa, ukaitazama, ukaizima. Mbele ya watu wote hao. Sikupanga hilo, lilikuwa zawadi.

Nikwambie na hili, maana nimekaa nalo siku nyingi. Siku ya mazishi nilikuomba simu yako nimwite mwenye gari. Nikaona namba ya mama umeiweka kimya. Si kwamba hukuisikia ikilia. Uliizima mdomo ili usiisikie, na mimi nilikuwa nakaa naye pembeni ya ile simu namwambia, subiri mama, yuko kazini, atapokea. Nikakurudishia simu yako mkononi, nikaenda kuwapa watu chai.

Na ule mlango wa chumba hicho, mama akiwa humo ndani. Ulidhani utatoka vipi? Ulimwacha mama apite, akatoka barabarani, taa zikazimika, ukaanza upya. Ukasogeza meza, akaizunguka, akatoka. Ukamsemesha, akakuuliza wewe nani, akatoka. Kila mara taa zinazimika na unaanza upya, na watu wanasubiri. Mwisho ukanyoosha mkono ukalifunga komeo kutoka nje, wewe mwenyewe, kwa mlio ule ule ulioniomba nikurekodie. Hakuna njia nyingine ya kumaliza mchezo wako. Yeyote atakayeununua, popote alipo, itabidi amfungie mama yangu kwa mkono wake ndipo atoke. Mwalimu wa hesabu alivua miwani akaifuta. Akasema hata yeye angefunga. Siku hizi watoto hawagongi tena ukutani kwangu.

Nasikia mashabiki sasa wanakuita Mwana Asiyepokea, na kwamba wanakupigia. Utasema nimekuonea. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sitakudanganya kwamba nililia. Nilifurahi, mdogo wangu, na niliporudi nyumbani nilipika na kula vizuri. Ukitaka kulitoa fumbo langu, jaribu kuwaambia. Kura ni kura.

Dada yako


Tarehe 10 Oktoba

Dada,

Sina salamu.

Umenipata. Simu hailali. Wamempigia hadi wifi yako kazini, mtu mmoja akamwuliza anajisikiaje kulala na mtu wa namna hiyo. Mtoto wangu ameulizwa shuleni. Binti mchoraji ameacha kazi, kasema hakujua anachora nini. Kama ulitaka nipate ulichokipata wewe, nimekipata na nyongeza.

Lakini umewaambia watu nusu. Ni kweli niliiweka kimya. Hukuwaambia kwamba mwanzoni nilikuwa napokea. Nilikuwa naongea naye, tunaagana, anakata, anapiga tena papo hapo akilia kwamba simpokei. Mara ngapi kwa siku, mbele ya wateja, mbele ya bosi niliyekuwa naye wakati ule? Kila simu kwake ilikuwa ya kwanza. Wewe ulipiga komeo la mlango, mimi nikapiga komeo la simu. Tofauti yetu ni kwamba langu umelianika na lako umelisafisha.

Na kuna jingine hulijui. Nilikuambia niliwapa mashabiki miisho mitatu. Huo wa binti kumfungia mama ulidhani niliutoa wapi? Na kamba ya kiatu, ulidhani kweli tuliiona kwenye picha ya mazishi? Nilikuficha ili nisikuumize, na sasa sioni sababu ya kuendelea. Mama aliponikosa alikuwa anaacha ujumbe wa sauti. Ninazo, nyingi. Nyingine nilizisikiliza baada ya mazishi, zilizobaki nilizikata katikati kwa sababu sikuweza. Anasema, "Mwanangu, kuna mwanamke humu ndani amenifungia. Ana ufunguo shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Anataka nyumba yangu." Anasema hivyo kwa sauti yake. Si mashabiki waliokuita Nyoka kwanza, dada. Alianza yeye.

Sasa mashabiki wanauliza, upande wa pili wa ile simu kuna nini? Wanataka isikike sauti. Nimeitisha kura: simu ibaki kimya, au ipewe sauti? Inafungwa mwisho wa mwezi huu. Sauti ikishinda, ninayo sauti ya kuweka, na si ya kuigiza. Karibu upige kura yako, Mgeni Njoo. Unajua utaratibu.

Ndugu yako


Tarehe 5 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Natumaini mtoto anakwenda shule kwa amani na wifi hajambo. Mwambie namwomba radhi yeye. Sikumkusudia.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipochukua kalamu ilitaka kukutukana. Nilichana barua mbili. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo hata shemeji yako aliyeiokota jalalani aliniuliza nimeyajulia wapi. Nimeona kura imekwisha na sauti imeshinda. Sikupiga.

Usijidanganye kwamba nimekusamehe. Sijakusamehe, na wewe naona hujanisamehe, basi tumelingana. Nilipoisoma barua yako nilikaa dukani na kioo cha mteja mkononi mpaka mteja mwenyewe akaniambia, mama, nitarudi kesho.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye barua yako nimekisoma na kukisoma. Umeandika: kwa sauti yake.

Mimi sina sauti ya mama. Hatukuwahi kumrekodi, hakuna aliyefikiria. Na ule mwaka wa mwisho aliacha kusema nami kabisa. Wewe hujui hilo, sikukuambia. Nikiingia na chakula anageukia ukutani. Namwosha, namchana nywele, namwambia habari za mtaani, hajibu. Usiku nilikuwa nasimama nje ya mlango nasikia ananong'ona na simu, nikijua anaongea na wewe usiyepokea, nikakuonea wivu. Ndiyo, wivu, wewe uliyekuwa mbali umepewa maneno yote na mimi niliyemshika mkono sikupewa hata moja. Nadhani hasira yangu nyingi kwako inatoka hapo, si kwenye kamba ya kiatu.

Basi weka sauti kwenye mchezo au usiweke, sikuzuii. Waniite Nyoka, waniite watakavyo, nimezoea. Ila kabla hujampa mtu mwingine yeyote, nisikilizishe mimi. Zote, hata ulizozikata katikati. Najua ananilaumu. Acha anilaumu, nimemkosa hata kwenye lawama. Nataka nikae kwenye kochi lako, nifumbe macho, nimsikie anasema chochote.

Nimeshakata tiketi ya basi la Jumamosi ijayo. Mashine nimeifunika na duka nimelifunga, mwalimu wa hesabu atawaambia wateja. Huenda barua hii na mimi tukafika kwako siku moja. Nimeazima kwa mpwa wako zile spika zake za masikioni, anasema zinatoa sauti safi sana.

Dada yako


Tarehe 6 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Sijapata barua yako tangu ile ya Septemba, na kimya chako kimenisema kuliko ambavyo ungenisema wewe. Wifi yako aliisoma nakala ya ile barua yangu ya Oktoba, niliyoiandika kwa hasira, na tangu siku hiyo hajaniita jina. Anasema mtu mzima hamtishi dada yake kwa mama yake.

Sauti ilishinda kura. Fundi wa programu akaja juzi na kompyuta yake, akaniambia nimpe anachotaka kuweka. Nikamwambia anipishe. Nikakaa jikoni nikazisikiliza zote, kwa mara ya kwanza hadi mwisho, mpaka zile nilizokuwa nazikata. Huanza kama nilivyokuandikia, mwanamke, ufunguo, nyumba yangu. Lakini sikujua zinavyoishia. Kule mwisho, karibu kila moja, ananiomba nikutafute wewe. Anakutaja kwa lile jina lake la kukudekeza, ambalo sijalisikia tangu tukiwa wadogo. Anasema, "Mwambie dada yako aje anifungulie. Yeye hawezi kuniacha hivi." Anasema hivyo tena na tena, na nyingine, za mchana ukiwa kazini, anakuita kabisa kwa nguvu kama yuko uani na wewe unacheza barabarani. Na ufunguo wa mlango ulikuwa shingoni mwako.

Nikaona hilo ndilo litakalokuua. Lawama ungeivumilia, umevumilia nyingi. Lakini kumsikia anakuita wewe, na hakujua kwamba ni wewe, hapana. Nilitaka kulipiza, nakiri, ila si mpaka hapo. Nikazifuta. Zote, kwenye simu na kwenye kompyuta, hata ile akiba niliyokuwa nimeihifadhi ofisini nilikwenda nikaifuta mwenyewe, nikamwita fundi wa programu ahakikishe hakuna mtu awezaye kuzirudisha. Amehakikisha.

Kisha nikawaandikia mashabiki kwamba kura hii naitengua, simu itabaki kimya, na asiyependa aniache. Wamenitukana matusi ya nguoni na nusu yao wameondoka. Na waende. Mwenye Ufunguo naye nimemtoa. Hakuna tena kamba ya kiatu, hakuna ufunguo, na ule mwisho haupo. Fumbo lako nimeliacha, kwa sababu ni zuri na kwa sababu ni kweli. Ulichoniomba Machi nimekifanya Novemba, nisamehe kwa kuchelewa.

Yale maneno ya mwisho nimekuandikia ili ujue kwa nini nilizifuta, si ili uyafikirie. Nakuomba usiniulize zaidi. Ukipata nafasi njoo ututembelee, mtoto anamtaka shangazi yake, na kochi lipo. Lala usingizi dada, hakuna mtu atakayemsikia tena.

Mdogo wako